Kopo Tulilonywea Bandani

Jumamosi, alasiri

Mawingu yamejikusanya upande wa Kibara tangu mchana, lakini hayanyeshi. Upepo unaleta vumbi hadi juu ya karatasi hii. Mwandiko wangu unapinda. Sijui kama ni hofu au ni dawa ya pamba.

Nitaandika kwa utaratibu. Nisipoandika kwa utaratibu nitapiga kelele.

Leo tumemaliza banda la kitalu. Tangu tulipohamishiwa katika kijiji hiki na nyumba zetu kupangwa mstari kwa mstari, nimekuwa nikiotesha miche ya michungwa na mipapai huko nyuma ya nyumba. Jua liliiunguza, na iliyosalia ililiwa na mbuzi. Nguzo za banda nilizisimamisha zamani, lakini mimi ni mjane na mgongo wangu haupandi tena ngazi. Basi asubuhi walikuja rafiki zangu. Mzee Magesa ni seremala, mtu wa ufukweni. Veronika ni jirani yangu, mjane kama mimi. Wambura ni fundi wa kuezeka, baba wa watoto wadogo, na nyumba yake ni ya mwisho katika mstari wetu. Kabla ya kuhamishiwa hapa hakuna aliyemjua mwenzake. Sisi wanne tumejifunza kuaminiana polepole, na jambo hilo si dogo katika kijiji cha watu waliokutanishwa ghafla.

Kazi ilikwenda vizuri. Wambura aliezeka nyasi, Magesa akapigilia rafu ukutani, Veronika akakanda udongo na samadi ya kupandia. Mimi nilisimamia mpangilio. Miaka yote ya ualimu niliwapanga wanafunzi kwa kimo, na leo niliagiza vitu vyote vya banda vipangwe kwa kimo.

"Mwalimu," Magesa akasema, "hata haya makopo unataka yaimbe wimbo wa taifa?"

"Yasimame wima kwanza," nikamjibu. Wakacheka.

Yakasimama wima. Makopo yangu ya kuchotea maji yalikuwa mstari mmoja na makopo matupu ya dawa ya pamba, yale niliyoyaokota shambani baada ya msimu wa kupuliza ili niyatoboe chini na kupandia miche. Mengine nilikwisha kuyatoboa. Mengine bado. Hakuna aliyeuliza lipi ni lipi, kwa kuwa mwenye banda ndiye aliyetoa amri.

Kazi ilipokwisha nilitoa mtungi wa togwa. Wambura, aliyekuwa karibu na rafu, alishika kopo moja, akalipangusa kwa shati, akachota na kunipa. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho ya wageni, ndipo wageni wanywe. Hapa kijijini desturi hiyo imekuwa kali zaidi, kwa sababu watu bado wanaogopana.

Nikaonja. Niliusikia uchungu.

Nilidhani kimea kimezidi. Niliona haya kusema kwamba togwa yangu imeharibika, mimi ninayewasahihisha wengine kila siku. Nikameza, nikasema kwa sauti, "Ni safi, kunyweni." Veronika akanywa kidogo, Magesa akanywa, na Wambura, aliyekuwa na kiu ya kukaa juu ya paa, akamalizia hadi chini kwenye mashapo.

Wakaenda zao wakiimba.

Mimi nilirudi bandani kulitazama, kwa furaha tu. Kopo lilikuwa chini karibu na mtungi. Nililiinua ili nilirudishe mahali pake, nikaona halina tundu, na ubavuni limebaki na kipande cha karatasi nyekundu ya dawa. Nikainusa harufu yake. Nikaketi juu ya samadi.

Sasa nitaandika jambo ninaloliogopa kuliko kufa. Sikukimbia kuwaita. Nilifikiri jina langu kwanza. Nilimkumbuka bibi mmoja wa mstari wa chini, ambaye mgeni wake aliugua baada ya kula kwake. Leo hakuna anayepokea hata chumvi mkononi mwake. Nikachukua mchanga na majivu, nikalisugua lile kopo. Nikalisugua hadi karatasi ikatoka, mashapo yakatoka, harufu ikatoka. Liling'aa.

Ndipo nilipoiona sura yangu katika bati lile, nikasimama.

Nilianza kwa Veronika, kopo mkononi. Nilimkuta akipepeta mtama. Nilimweleza bila kuficha, naye akaacha ungo.

"Kichwa kinaniuma," akasema, "lakini kilikuwaga kinaniuma tangu asubuhi. Usinitishe, dada." Kisha akajishika tumbo, akasikiliza, kama mtu asikilizaye hodi mlangoni. "Mbona unasimama? Wambura ndiye aliyemaliza. Nenda!"

Nilimpitia Magesa. Yeye alicheka. "Mwalimu, mimi dawa hiyo nimeipuliza msimu hadi msimu, pua wazi. Ingekuwa inaniua, ningeshakufaga." Lakini alipoona uso wangu, alitoa baiskeli yake nje.

Kwa Wambura tulisikia kabla ya kuona. Alikuwa nyuma ya nyumba, amepiga magoti, anatapika, na mate yanamtoka kama povu. Mkewe, Rhobi, alikuwa amemshika paji la uso, mtoto mgongoni. Nikasema maneno yangu kwa mara ya tatu. Rhobi hakupiga yowe.

"Ulisema ni safi, Mama Mwalimu."

Akamfuta mumewe povu mdomoni.

Tulimkalisha Wambura kwenye keria, tukamfunga kwa kanga kiunoni mwa Magesa ili asianguke. Magesa akaniambia, "Lete kopo. Mganga wa zahanati atataka kujua ni dawa ipi. Msimu ule tuligawiwa za namna mbili."

Nikampa kopo linalong'aa.

Alilizungusha mkononi. Alinusa ndani. Yeye ni seremala, anajua kitu kilichosuguliwa. Nikamnong'oneza kwamba ni mimi, kwamba nililisugua kabla ya kuja. Hakunitukana. Alilirudisha mkononi mwangu, akasema, "Basi nitamwambia mganga hatujui," akakanyaga pedali.

Hatujui. Ningalikuja na kopo lile chafu, tungalijua.

Ni muda mrefu sasa tangu wapotee barabarani. Nimekwenda bandani nikayapindua makopo yote yaliyosalia, nikitafuta ndugu ya lile, lenye hata robo ya karatasi. Yote nilikwisha kuyabandua mwenyewe, wiki iliyopita, kwa sababu sikupenda rafu yenye rangi mchanganyiko. Ulimi una ladha ya chuma. Veronika amepita dirishani akasema yeye hajambo, kisha akasema tena hajambo, kama mtu anayejishawishi.

Kutoka hapa ninasikia watu wanajikusanya uani kwa Wambura. Nimemwona balozi wa nyumba kumi akipita haraka na fimbo yake. Wanajua tayari kwamba ni togwa yangu. Hawajui habari za mchanga na majivu. Magesa hatasema; namfahamu. Akirudi atalinyamazia jambo hilo hadi kaburini, na kila nitakapomwona Rhobi kisimani nitakuwa nikimwibia ukweli.

Naogopa fimbo ya balozi. Naogopa kutengwa uzeeni mahali nisipo na ukoo. Naogopa zaidi ile baiskeli ikirudi na mtu mmoja.

Ee Mungu, Wambura apone. Siombi la pili.

Mlango nimeufunga kwa komeo, na nimekuwa nikijiambia kwamba ninangoja nguvu zirudi. Hazirudi. Nitakwenda bila nguvu. Nitapita katikati ya watu wale hadi alipoketi Rhobi, nami nitaketi chini mavumbini, nimweleze habari ya kopo kabla baiskeli haijaonekana, apone mumewe au asipone. Akitaka kunipiga, anipige.

Nimesikia mtoto wake analia. Naliondoa komeo.