Wimbo Uliomuua Safinah

Naguru, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute hapo Bombo ukiwa mzima, na goti limepoa kidogo tangu mvua zipungue. Mjomba Kasim je, bado anakataa chai isiyo na tangawizi? Sisi huku hatujambo. Nilitaka kukupigia simu, lakini kila nikiishika nairudisha mezani. Ndiyo maana naandika.

Zile nyimbo zangu za sauti na piano ziliimbwa Ijumaa iliyopita hapa mjini. Nilikueleza kwamba zinamhusu Safinah, binti wa fundi vyuma wa Katwe, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Kule walimwita mtumwa kwa ajili ya weusi wake, wakamtengea kikombe kisichanganywe na vyao, na siku alipodai pasipoti yake, mama mwenye nyumba akammwagia maji ya moto mgongoni.

Ukumbi ulijaa. Anena, mwimbaji wetu, aliimba mpaka nikasisimka. Katika wimbo wa mwisho, kama ulivyousikia, msichana anakufa peke yake jikoni, na piano inanyamaza kabla yake. Watu walilia, wakasimama, wakapiga makofi. Nami nikainama mbele yao nikiwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilipoinua kichwa nikamwona mwanamke safu ya nyuma ambaye hapigi makofi. Alikuwa Safinah, Mama. Safinah mwenyewe.

Nilimfuata nje. Akaniuliza, “Mbona umeniua?”

Nikamwambia yule wa kwenye wimbo anawawakilisha wengi ambao hawakurudi. Akasema hao wana majina yao na mama zao, niende nikawatafute. Yeye alivunja dirisha la jikoni kwa sufuria, akaruka, akakimbia pekupeku hadi barabarani huku mgongo ukiwaka. “Hilo nililifanya mimi,” akasema, “na wewe ndiye wa kwanza niliyekusimulia. Umelitupa wapi?”

Ukweli ni kwamba nilijaribu kulitunga hilo dirisha, muziki wake ukanishinda. Kifo kilinijia kwa wepesi, na nilijua kitawaliza watu. Nikakichagua.

Na kuna baya zaidi. Nilipokutumia rekodi ya mazoezi, ulinipigia ukilia, ukasema umewakusanya kina mama hapo nyumbani mkamsomea marehemu hitima. Nilipaswa kukwambia ukweli palepale. Nikanyamaza, kwa sababu machozi yako yalinifurahisha. Nilikuacha umwombee rehema mtu ambaye wiki hiyohiyo nilikuwa nimekaa naye Katwe tukila chapati.

Hilo nalo nimemweleza Safinah. Nilidhani atanitukana. Badala yake akauliza hao kina mama wanaishi wapi. Anataka kuja Jumapili wamwone. Wimbo wa mwisho nimeuondoa. Anena alishauri tuziache nyimbo bila mwisho, lakini Safinah amekataa, anadai dirisha lake. Bado nahangaika nalo, na mpaka leo sijapata hata mstari mmoja unaofaa.

Tafadhali, Mama, waambie kina mama kabla hatujafika, na uwaambie aliyedanganya ni mimi. Ikiwa hutaki kuniona, nitamfikisha mlangoni nigeuke.

Nisalimie Mjomba, na Ayesha na watoto. Safinah naye anakusalimu sana. Anasema ahsante kwa dua, ila sasa angeomba umwombee zile za walio hai.

Mimi binti yako, mwenye haya,
Nuriat