Jikoni mupya ya mama ya Onorable

Siku ya ine ya juma, mwezi ya tatu. Mvua ilianza tangu asubui. Barabara mbele ya uwanja ya parsele yangu imekuwa potopoto, matope tupu, hata bamotari banashuka na kusukuma moto, pikipiki zabo, na mikono. Kiliya, mutu ya kushonesha, hakuna hata moja amekuya. Masini yangu ya kushona iko kimya, nasikia hamu ya kuongea, na mutu ya kuongea naye hakuna. Basi naandika.

Binti yangu ndiye alinifungulia hii ukurasa ya ku internet. Alisema, mama, maneno yako iko mingi sana, uimwage huko. Miye masomo niliachaka mu mwaka ya ine ya shule ya primere, basi mukiona makosa mupitishe macho tu.

Kitu inanikwaruza leo ni Onorable wetu, mubunge. Jina sitaandika. Lakini siye batu ya Bunia tunajua ginsi inaendaka: mukubwa akikuya, bamama banapewa kitambaa ya kikwembe, banashonesha nayo blauzi ya libaya, banaenda ku kiwanja ya ndege kumuimbia. Bengi banashonesha kwangu. Ni juu ya ile, maneno ya banasiasa hayapotee mu kichwa yangu. Sina kaye ya kuandika. Nakumbuka kikwembe.

Ya kwanza ilikuwa ya bleu, rangi ya mbingu. Ilikuwa kampanye ya uchaguzi. Onorable alikuwa upande ya upinzani, alisimama juu ya gari akasema serikali yote ni batu ya uongo, lakini vita imeisha, batu ya Djugu balikimbia kule juu barudi ku mashamba, na yeye atatangulia mbele yabo.

Ya pili ilikuwa ya kijani. Pale batu balikuwa bamekimbia tena. Akashuka mu ndege, akasema yeye hajasemaka batu barudi, alisemaka batu bajitayarishe. Akaongeza: mutu hata moja asirudi kabla yeye mwenyewe aende kulala kule usiku moja, aone na macho yake. Tulipiga makofi. Miye pia nilipiga, na siku ya bleu nilikuwaka pale pale.

Ya tatu ni ya manjano, ya huu mwezi ya tatu, mwezi ya sikukuu ya bamama, hata nyuzi ziko bado chini ya masini. Sasa Onorable ameingia upande ya serikali, na bale batu ya uongo anabaita baba. Amesema mu radio barabara ya Kpandroma iko wazi, batu barudi kulima, na ule atabaki mu site ya badeplase, kambi ya bakimbizi, ni uvivu tu inamukalisha.

Basi alilala kule siku gani?

Mutu atasema ni udadisi yangu, na ni kweli, niko nayo tangu utoto. Lakini iko sababu ingine. Mu chumba ya nyuma ya parsele yangu iko Mama Neema, mutoto ya mama mudogo yangu, na batoto yake babili. Shamba yake iko kule Djugu, karibu ya Kpandroma. Alisikia radio. Siku ya kwanza ya hii juma akatoa mufuko ya mbegu ya maharagi, akaichagua moja moja, akafunga. Kamyo, lori ya kubapeleka kule, inaondoka siku ya posho, kesho kutwa. Asipopanda sasa na hii mvua, musimu imepita.

Sasa niseme ile sijasemaka hapa.

Mara ya kwanza, wakati ya bleu, ni miye nilimuambia arudi. Nilitoka ku kiwanja ya ndege na sauti imekauka juu ya kuimba, nikaingia mu parsele nikasema, Mama Neema, vita imeisha, nimeisikia na masikio yangu. Onorable alisema mara moja. Miye nilisema mu kila nyumba ya avenue, hii njia yetu. Akaenda. Kisha ya majuma tatu akarudi na miguu, batoto ku mukono, jembe hakuna, sufuria hakuna. Hakunilaumu. Aliomba maji tu.

Ni juu ya ile nimeogopa mudomo yangu.

Jana nikapata njia. Mama ya Onorable, siye tunamuitaka Mama Muzee, anakaa hapa hapa Bunia tangu ile vita ya kwanza. Naye ni mukulima ya kule juu, upande ya Kpandroma. Alituma batu baniite nimupime libaya ya manjano, sababu ile balimupa inamukaza mu mabega. Nikachukua metre yangu ya kupimia, nikapanda moto ya motari, nikaenda.

Nilipoingia, niliona mbele ya yote matofali. Matofali ya kuchoma, mapya, na nyuma ya nyumba jikoni nzima, mabati inangaa, mulango yake na kufuli yake. Pembeni sombe, muhogo ya majani, imepandwa mistari mistari, ingali midogo.

Nilimupima mabega polepole sana. Mutu ukimushika na metre anasemaka yote, sijue juu ya nini. Nikamuambia, Mama Muzee, jikoni iko muzuri. Akasema ni mwana wake alituma mafundi mwezi iliisha. Nikasema, sasa utaiachia nani, si batu banarudi kule?

Akacheka mpaka metre ikaanguka.

"Nirudi wapi? Mwana wangu alisema nikae kwanza. Alisema kule baridi itanikamata kifua."

"Baridi?"

"Ndiyo, baridi. Nilizaliwa mu ile baridi, nikazalia batoto saba mule ndani. Yeye mwenyewe alienda asubui na magari yake, na saa kumi alikuwa hapa anakula bugali. Nilimupikia mu hii jikoni. Weye pima, mama, usinipunguze kifua."

Nikapima. 

Mu njia ya kurudi nilikuwa nahesabu nyumba: nianzie kwa nani, niishie kwa nani. Habari kama hii mutu anaipataka mara moja. Nilikuwa nacheka peke yangu nyuma ya motari mpaka akageuka kuniangalia. Kisha nikamuwaza Mama Neema, ginsi aliomba maji, na ile furaha ikapungua.

Nikamuambia yeye peke yake. Sikuongeza kitu. Nilisema matofali, sombe, baridi, bugali ya saa kumi, nikanyamaza. Kwangu kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kushona.

Alisikiliza na mufuko ya mbegu ku mapaja. Akaniuliza kitu moja tu.

"Yaya, dada yangu, ile jikoni uliiona na macho, ao balikuambia?"

"Niliiona. Niligusa hata kufuli."

Akaingia ndani. Leo asubui, mu hii mvua, nimemukuta nyuma ya nyumba na jembe yangu. Maua yangu yote ameng'oa, hata ile ya pinki ya ku ukuta. Nusu ya mbegu ameitia mu udongo. Nusu ameifunga tena, ameitundika juu ya kitanda yake. Hakuniomba ruhusa, na miye sikuuliza.

Jirani yake moja ya kule shamba ataenda na kamyo ya posho, amekata shauri. Pengine atavuna vizuri na siye tutakuwa batu ya kuchekwa. Mutu anaweza kugeuza maneno mara mbili, na ya tatu ikawa kweli. Sijue. Hakuna mutu anajua, hata ule anasema mu radio.

Libaya ya Mama Muzee itaisha siku ya posho. Nitaipeleka miye mwenyewe, na nitaangalia ile kufuli. Nitakuwa naenda kila mara, nitapata sababu, mabega ya wazee inabadilikaka. Siku nitakuta jikoni imefungwa na bintu ya Mama Muzee iko juu ya gari, nitakimbia kumuambia Mama Neema afungue nusu ile ingine.

Kama nitakimbia kweli. Hii parsele na batoto yake ndani imekuwa muzuri, na miguu yangu naijua: ku habari ya kunifurahisha zinakuwaka nyepesi. Ku ile habari ya kubaondosha hapa, itakuwa ginsi gani?