Nyasi za Godoro

Kimisagara, Kigali
12 Agosti 1993

Mpendwa mwanangu Mwamini,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Bilali, na kwamba maji ya Tabora yamekukubali. Kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha? Mimi shangazi yako sijambo, ila magoti yananisumbua nikipanda mlima. Cherehani inakwenda na wateja wapo.

Katika barua tatu umeniuliza habari za sungura wako wawili, Sultani na Pamba, na mara zote tatu nimekujibu mambo mengine. Leo nakueleza. Sultani amekufa. Alikufa mwishoni mwa Juni, na mkono uliompa kilichomuua ni huu wangu.

Kiangazi kilipokausha majani ya kando ya mto, nilikosa cha kuwalisha. Dukani palikuwa na gunia la nyasi kavu nilizonunua za kujazia magodoro. Nikasema nyasi ni nyasi, nikawawekea bandani. Siku ya tatu Sultani akaanza kupiga chafya, akajikunyata pembeni, akaacha kula. Nilimnywesha maji kwa kijiko. Ijumaa asubuhi nilimkuta amekwisha poa.

Pamba naye alikuwa ameanza kukataa chakula. Nikamtia kwenye kikapu mpaka kwa Mama Spès, yule mjane anayefuga sungura nyuma ya kanisa, uliyekuwa unamwogopa kwa sababu hacheki. Gunia nilienda nalo. Alitumbukiza mkono, akanusa, akanitazama.

“Swafiya, hii iko ya kulalia. Haiko ya kula.”

Akaniomba kitambaa cheupe. Nilikuwa na kipande cha kanzu ya mteja, nikakitandika chini. Akakung'uta konzi moja ya nyasi juu yake, likatoka vumbi la kijivu. Ilikuwa kuvu, mwanangu, na mimi sikuwa nimeiona.

“Wewe unachagua kitambaa siku nzima,” akasema, “nyasi inakushinda kuchagua?”

Basi akanifundisha palepale, bila kucheka. Nyasi nzuri hubaki na rangi ya kijani hata zikikauka. Zinanukia vizuri, kama pakiti ya majani ya chai inapofunguliwa. Majani yawe mengi kuliko vijiti, na ukikunja shina likatike. Likipinda tu, bado lina maji na litaoza. Zikatwe kabla hazijatoa mbegu, zianikwe kivulini, zigeuzwegeuzwe. Za kando ya barabara nisiziguse.

Kwa wiki mbili nilipanda mlimani na mundu kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Siku ya nne Pamba alichukua jani moja mkononi mwangu, akalitafuna polepole mpaka likaisha. Nililia, nikashukuru kwamba hapakuwa na mtu wa kuniona.

Kumbe alikuwa na mimba. Tarehe 24 Julai alijing'oa manyoya kifuani, akayachanganya na zile nyasi, akazaa watano. Ni watoto wa Sultani. Mmoja ana sikio jeusi kama lake. Sasa macho yamefunguka na wameanza kuchezea majani. Mama Spès amewaomba wawili, nami nimekubali kwa sababu bila yeye tusingekuwa na hata mmoja.

Nisamehe, Mwamini. Sikunyamaza kwa kukuficha. Ulipoondoka, nilikuwa nazungumza na hao wawili kila jioni nikiwalisha, na mara nyingine nilimwita Pamba kwa jina lako. Niliona nikikuandikia kwamba mmoja amekufa, nitakuwa nimekiri jinsi nyumba ilivyo kimya.

Redioni wametangaza kwamba mkataba wa kumaliza vita umetiwa saini kule Arusha. Watu wa mtaani wanapumua kidogo. Bilali akikuruhusu, njoo kabla ya mvua, hata kwa wiki moja tu.

Msalimie sana mama mkwe wako, na wifi yako Zena. Baba yako mdogo Sefu na Mama Spès wanakusalimu. Ndiyo, hata yeye.

Wamekuja wapangaji wawili kuulizia chumba chako. Nimewaambia mwenyewe yuko safarini.

Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akurudishe mlangoni kwangu ukiwa salama.

Ni mimi shangazi yako, nisiyechoka kukutazamia,
Swafiya