Ya Njano ni ya Mwenzako

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi! Wamepiga simu nikiwa juu ya ngazi napaka rangi jikoni, nusura nianguke na ndoo. Ni ile kampuni ya wazamiaji wanaosafisha na kukagua milango ya mabwawa. Gari litanipitia Jumapili alasiri. Mtungi wanatoa wao, mavazi wanatoa wao. Regyuleta kila mtu aje na yake — kile kidude kinachotoa hewa kwenye mtungi na kukuletea mdomoni. Nadhani hakuna anayetaka kuchangia mate.

Mama kasikia "regyuleta", akasema si ile ya gesi ipo hapo jikoni, fungua tu uende nayo. Jamani! Ameolewa na mzamiaji, amezaa mzamiaji, na bado anatutania hivyo hivyo.

Baba kaingia chumbani, katoka na regyuleta yake ya zamani, imefungwa kwenye fulana. Shaba tupu, nzito, inang'aa. Kumbe huwa anaisugua! Miaka yote hii tangu kifua kimwachishe kazi, anaisugua na kuirudisha uvunguni. Akasema, hii imenirudisha nyumbani kila siku, Kambare, na wewe itakurudisha. (Kambare ni mimi. Eti nilizaliwa nikipenda tope.)

Halafu akanionyesha kipimo cha kwanza cha mzamiaji, kana kwamba sijasomea. Kabla ya kuifunga kwenye mtungi, ziba kichwa chake, pale inaposhika mtungi, weka mdomoni, vuta. Ikikaza, nzima. Ikipitisha hewa, inavuja, na kule chini itapitisha maji. Akavuta mwenyewe, mashavu yakaingia ndani. Imekaza! Nzima!

Sijamwona na furaha ile siku nyingi. Nikaichukua, nikashukuru kwa mikono miwili.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeijaribu mwenyewe, chumbani kwangu. Nikaziba, nikavuta. Ikakaza kidogo, halafu fyuuu — hewa hiyo, inapiga mluzi kwenye meno.

Nikadhani nimekosea kuziba. Nikarudia. Mluzi. Nikarudia tena kwa hasira. Mluzi.

Nikaipeleka kwa fundi. Kafungua, kaniangalia juu ya miwani. Kiwambo, ile ngozi ya mpira ya ndani, kina ufa. Ukivuta kidogo kinakaza, ukivuta sawasawa kinaachia. Akauliza nani aliyekuambia hii ni nzima. Nikasema nimeiokota. Sijui kwa nini nilisema hivyo! Vipuri vyake havitengenezwi tena, kasema, iweke kabatini iwe pambo.

Njiani regyuleta haikunisumbua, ni chuma tu. Ila Baba alivuta jana kwa nguvu zake zote, nilimwona. Zote! Na nguvu zake zote hazikutosha kufungua ule ufa.

Nitamwambiaje? Nikisema inavuja, nimemwambia kifua chake kimefika wapi. Nikinyamaza, naingia nayo majini. Haya, nichague.

Jumatano, 6 Machi

Sina la maana la kuandika. Nimepaka rangi. Baba kaniuliza mara mbili kama nimeifunga vizuri kwenye begi. Nikasema ndiyo, Baba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Mama, tukiwa tunakunja nguo. Hakushtuka. Akaendelea kukunja shati la Baba, kola juu ya kola. Akasema, wewe mwanangu huoni siku hizi hapulizi chai? Anaimimina kwenye kisahani, anaisubiri ipoe. Anajifanya ndivyo alivyoipenda tangu zamani.

Nimekula naye kila asubuhi na sikuona. Mimi! Ninayejidai naona kwenye tope.

Mama kasema kisingizie chuma. Sema kimezeeka, vipuri hakuna. Chuma hakina moyo, hakitaumia. Na usilie mbele yake, atajua. Halafu yeye mwenyewe akajifuta macho na soksi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepiga moyo konde, nimemwambia. Baba, ni nzuri, lakini vipuri vyake hakuna tena, ikiharibika kazini nitafanyaje? Nitanunua mpya. Hii nitaitunza.

Akanuna! Akasema sawa, mtu mzima nimekuelewa. Akageukia redio, na redio yenyewe imezimwa.

Jioni akagonga mlango wangu. Kesho nakwenda na wewe dukani, akasema. Mambo ya pumzi hayachaguliwi na mtu mmoja.

Nilitaka kumkumbatia pale pale. Nikasema tu, haya.

Jumamosi, 9 Machi

Nimechoka, lakini niandike yote.

Ngazi za duka ni chache, ila Baba alisimama katikati akajifanya anasoma bango. Nikasimama naye, nikalisoma bango zima. Sasa najua kila kitu kuhusu viatu vya mpira.

Muuzaji ni dada mmoja mpole, mcheshi. Akauliza, mzee ndiye anayezamia? Baba akasema hapana mama, mimi nimekuja kuchagua mkwe. Dada wa watu alicheka mpaka akashika meza.

Akatutolea ya kwanza, ya kifahari, nyepesi kama toi, ukiigusa tu na mdomo inakupa hewa. Mimi niliipenda. Baba akaipokea, akaizungusha, akairudisha. Hii ni laini mno, akasema, ikipigwa na mkondo itamwaga hewa yenyewe. Inafaa kutazama samaki. Mwanangu anakwenda kwenye milango ya bwawa, maji ya pale yanasukuma. Muuzaji akakubali kwamba ni kweli. Nikajivunia baba yangu, nikajifanya natazama mapezi ya kuogelea.

Ya pili ni nyeusi, haina madoido. Baba akaziba kichwa, akavuta. Imekaza. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti akatoa ile yake ya zamani. Aliichukua kwenye begi langu! Akaziba, akavuta. Hii pia imekaza, akasema. Kwangu mimi zote ni sawa.

Akanipa. "Sasa vuta wewe."

Muuzaji anatazama. Baba anatazama. Nikaiweka mdomoni, nikavuta kidogo, kwa ncha ya mapafu tu, isije ikapiga mluzi. Haikupiga. Nikasema, imekaza, Baba.

Akaniangalia weee. Hakukasirika. Afadhali angekasirika!

"Kambare," akasema, "huko chini utamdanganya nani?"

Nilikosa pa kuweka uso. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia polepole, kwa vipande, anapumzika katikati. Kuta zetu nyembamba. Jumanne aliusikia ule mluzi kutoka sebuleni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alidhani ni mimi naiharibu. Usiku wa kuamkia Jumatano akaitoa kwenye begi akavuta na yeye, asikie. Hakusikia kitu. Akarudia mpaka kizunguzungu. Ndipo nikaelewa, akasema, kwamba mbovu siyo ile peke yake.

Akasema mzamiaji hadanganyi kuhusu hewa. Hata kwa huruma. Hata kwa mapenzi. Ukimwonea haya mwenzako kumwambia hewa yake imekwisha, umemzika. Nikalia pale dukani, mtu mzima mimi, mbele ya viatu vya mpira. Nikasema, nilikuwa naogopa, Baba. Akasema, najua. Na mimi pia.

Muuzaji alikuwa amepotea nyuma ya mapazia. Mungu ambariki.

Basi nikavuta tena ile ya zamani, sawasawa safari hii. Fyuuu! Baba akaitikia kwa kichwa. Ahaa, akasema. Huyo ndiye Kambare wangu.

Tukaifunga ile nyeusi kwenye mtungi wa duka. Akaniamuru nipumue, yeye kafumba macho anasikiliza. Kaza skrubu kidogo. Legeza. Pumua kama uko kazini, siyo kama uko kwa daktari wa meno! Mpaka akasema, hiyo. Chukua hiyo.

Nikabisha kuhusu ile ya akiba tu, ya njano, inayotoka kwenye mtungi huo huo na kuning'inia ubavuni. Nilitaka ya bei ndogo, kwani nani ataitumia? Baba akawa mkali kuliko wakati wowote. Yako utaizoea hata ikiwa na kasoro, akasema. Ya njano ni ya mwenzako. Atakujia amekwisha, hana subira, hana nguvu ya kuvuta. Hiyo ndiyo iwe laini.

Tukachukua laini.

Jumapili, 10 Machi

Naandika na regyuleta mdomoni. Siwezi kuongea, na mtu mwenyewe ninayetaka kuongea naye hawezi pia.

Muuzaji alituazima mtungi mdogo tuijaribu nyumbani. Mama ataurudisha kesho. Begi liko mlangoni. Nilikuwa nakagua kila kitu mara ya mwisho, Baba akaja akakaa kitandani kwangu kusikiliza. Nikaona anaitazama ile ya njano. Hakuomba. Nikaifuta, nikampa.

Akaniangalia. Nikamwambia, hiyo ni yako.

Kwa hiyo tuko hapa, bega kwa bega, mtungi mmoja kati ya magoti yetu. Mimi natumia nyeusi. Mwanzo alikuwa anavuta mara mbili kila nikivuta mara moja, fupi fupi, na macho yamemtoka. Nikampigia ishara, tulia. Polepole. Sasa tunakwenda pamoja. Mabega yake yameshuka. Sikujua yalikuwa juu kiasi kile, nilidhani ndivyo yalivyo.

Amefumba macho. Anatabasamu na ule mpira mdomoni, mate yanamtoka, hajali.

Mama kachungulia. Kasema nyinyi wawili sasa mnazamia hadi kitandani? Bado kasimama pale.

Honi. Gari limefika.

Nimemgusa Baba goti, nimemuuliza kwa kidole gumba juu, kama wazamiaji, tupande? Amefumbua jicho moja. Amenyoosha kiganja, bapa, juu ya blanketi: tukae hapa hapa.

Mama amekwenda dirishani. Namsikia anamwambia dereva asubiri, bado wako chini.

Sindano ya geji ya hewa inashuka. Honi tena. Nimemuuliza tena. Kiganja.