Kipimo cha Mvua cha Baba

Jumanne, Shinyalu

Na Shikuku bado anabisha. Shemeji yangu huyo amekuja kunisaidia kurudisha mabati ya jikoni yaliyong'olewa na dhoruba ya jana. Mahindi yangu yote yamelala, naye yuko juu ya ngazi akisema, "Shemeji, mvua ya mawe imekuwanga hapa tangu tukiwa wadogo. Hayo ya tabianchi ni maneno ya semina."

Nikaudhika. Nikamtolea madaftari ya marehemu baba, aliyekuwa akipima mvua hapa uani kila asubuhi. Mvua za kawaida zote zimo. Lakini kila penye dhoruba kubwa ameandika: "Kipimo kimeangushwa na upepo. Haikupimwa."

"Sasa hapo umenionyesha nini?" Shikuku akauliza. Nikayakusanya madaftari.

Ameshaenda, nami nimeyapitia tena. Katika daftari la kwanza maneno hayo yako mara moja tu. Katika la mwisho yako karibu kila ukurasa.

Labda dhoruba zimezidi. Labda nguzo ya kipimo ilikuwa imeoza, baba hakusema.

Nguzo ya sasa niliisimika mimi mwenyewe, kwa saruji. Leo asubuhi nimeikuta mtaroni, pamoja na saruji yake.