Mgongo Ule Mtoni Ni Wangu

Mpendwa mdogo wangu Kabula,

Leo picha uliyoichora imetundikwa sebuleni, hapa Bariadi. Mkwe wangu alipiga misumari, mimi nikamwelekeza nikiwa kitini. Miguu hainibebi tena, na daktari siku hizi hanizungumzii habari za mwakani.

Unakumbuka ule mchana wa kiangazi? Mto ulikuwa umebaki mchanga na madimbwi. Wanawake tulioga nyuma ya vichaka, na mwanamume aliyepita na ng'ombe ilibidi akohoe kwa nguvu kabla ya kufika kwenye kona. Wewe hukuoga. Ulikaa na rangi ulizorudi nazo kutoka chuoni, ukibandika madoa upesi upesi kabla jua halijahama.

"Dada, usigeuke! Mwanga umekaa mgongoni kwako."

Nilitulia majini mpaka vidole vikakunjamana.

Nyumbani Mwamapalala, shangazi aliisogelea picha, pua nusura iguse rangi. "Ng'wanawane, mwanangu, hawa mbona hawana nyuso? Rudi mtoni ukawamalizie macho!" Ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukamwambia arudi nyuma hadi mlangoni. Akarudi. "Eh! Maji yanatembea."

Nilikuomba usimtaje mwenye ule mgongo, maana nilikuwa mwalimu, tena mke wa mtu. Ukaitunza siri yangu mpaka tukakuzika. Mimi nikaiweka picha nyuma ya kabati. Sikutaka nife ikiwa bado huko, na mimi nikiwa mwanamke asiye na jina.

Jioni hii wanakwaya walikuja kuniombea. Mmoja akashtuka. "Mwalimu, watu wanaoga, na mchungaji yuko njiani?"

"Huyu aliyetugeuzia mgongo ni mimi," nikasema. "Aliyenichora ni mdogo wangu."

Halafu mama mzee kuliko wote akapiga makofi. "Kumbe enzi hizo mgongo ulikuwa mgongo!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nikawatuma mlangoni mmoja mmoja, na kila aliyefika akasema neno lile lile la shangazi. Mchungaji alipoingia, tulimtuma naye mlangoni. Akatazama sana, mwishowe akauliza ni mto gani huo mzuri hivyo.

Kabula, tumeshinda. Walipoondoka niliomba kiti kisogezwe dirishani. Jua la mwisho likaniangukia mgongoni, huu uliopinda sasa, likakaa.

Sikugeuka.

Wako katika maji yale,
Dada yako mkubwa