Hina ya Kwendea Kliniki

Kampala, 3 Juni 1957

Kwa dada yangu Mwatum, Nungwi,

Shikamoo. Mimi mzima, khofu ni juu yako na shemeji Bakar. Huku nasomea ualimu, si udaktari, kwa hiyo yapime nisemayo. Umeniandikia kwamba mimba ya miezi saba inakuchosha, moyo unakwenda mbio ukiteka maji, na hamu yako ni kula udongo. Mwenzangu anayesoma udaktari anadhani damu imekupungua. Nenda kliniki Mjini wakutazame viganja na kucha. Vikiwa vyeupe, watakupa vidonge.

Mdogo wako,
Wanu

Nungwi, 19 Juni 1957

Mdogo wangu Wanu,

Marahaba. Sijambo, ila nyumba kimya tangu Bakar aende Tanga kazini. Udongo niachie! Mama alikula ukuta mzima akakuzaa wewe, mjuzi wa Kampala. Lakini nimekutii, nimekwenda. Nilijipaka hina mara mbili ikashika barabara. Sikutaka kuingia kwa watu mikono mitupu kama mwenye eda. Mkunga akanishika vidole, akacheka: "Bibi harusi huyu! Huna neno, nenda zako." Basi sina neno, ingawa njiani nilikaa chini mara tatu.

Dada yako,
Mwatum

Kampala, 2 Julai 1957

Dada,

Shikamoo. Hina imewaficha weupe wa viganja vyako! Rudi, waombe wakutazame ndani ya kope, au wakutoe damu waipime. Nilipaswa kukuonya, sikufikiri. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Wanu

Kampala, 25 Agosti 1957

Dada Mwatum,

Shikamoo, kwa mazoea tu. Leo nimepata barua ya Bakar. Ulijifungua kabla ya siku zako. Damu iliyotoka haikuwa nyingi, anasema, lakini wewe hukuwa na ya kupoteza. Barua yangu ya Julai ilifika siku ya tatu ya matanga. Wameiweka bila kuifungua.

Nimeilaumu hina, kisha mkunga, kisha nikajilaumu mimi niliyekutuma ukaonyeshe viganja. Kila hukumu naiona ina pengo. Huenda vidonge navyo vingechelewa. Huku hakuna aliyekujua hata anipe pole inayokuhusu.

Mtoto wa kike yu mzima. Ili kunifariji, Bakar ameandika kuwa viganja vyake ni vyekundu.

Nimemjibu kumuuliza kama hajapakwa hina.

Mdogo wako,
Wanu